Mapipa Manane ya Kijani

Jumamosi, 24 Machi 1990

Daftari hili ni la mwanangu Mastura, la alipokuwa darasa la saba. Mbele amejaza hesabu, nyuma ameacha kurasa tupu, kisha akaolewa Likoni. Mimi si mtu wa kutupa kitu kizima. Nimeligeuza, naanzia nyuma. Marehemu mume wangu Kombe alipokuwa hai, kila baada ya sala ya alfajiri nilimpigia soga ya mambo ya jana mpaka chai ikapoa. Sasa ni mwaka wa pili hayupo na maneno yamenijaa kifuani. Basi nisikilize wewe.

Kazi yangu ni mapipa. Hapa Changamwe viwanda na madepo huletewa vitu vyao kwa mapipa, na wakishamaliza, pipa kwao ni takataka. Kwetu sisi ni maji ya nyumba nzima, maana mfereji hutoka siku ukipenda. Shemeji yangu Matano, mdogo wake Kombe, huyanunua matupu na kuyaleta kwa mkokoteni. Mimi nayaosha. Kwanza mchanga na majivu, kisha maji ya moto na sabuni, kisha nalijaza pipa maji na kulifunika siku tatu juani. Siku ya nne nafunua, natia uso ndani, nanusa. Mteja akija nateka kikombe, nakunywa mbele yake. Kombe ndiye aliyenifundisha: "Kafedha, pipa ambalo wewe mwenyewe hukunywea, usimuuzie mtu." Miaka kumi na tisa sijauza pipa bila kunywa. Kuanzia Magongo mpaka Mikindani waniita Mama Kikombe.

Leo joto. Mfereji umekauka siku ya sita, na ankara wameleta vile vile. Hawana haya.

Jumatano, 28 Machi

Mwezi umeandama. Tumefunga. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 30 Machi

Matano ameingia uani na mikokoteni miwili, anacheka kama bwana arusi. Mapipa manane, yote rangi ya kijani, mapya kabisa kuyatazama.

"Shemeji, nimekuletea mali. Yalikuwa ya mafuta ya kupikia, depo wameyaosha na kuyapaka wenyewe. Wewe suuza tu."

Nimeinama nikanusa. Nimesikia rangi, basi. Nikayasuuza tu, kama alivyosema. Anayeyatoa ni Justus, mweka stoo wa depo moja huko barabara ya malori. Mtu wa bara yule, macho makavu, hajawahi kunitolea salamu. Leo nimemuombea dua hata yeye.

Jumapili, 1 Aprili

Matano amepaka mlango wake kijani kungojea Idi. Unang'aa kama kasuku. Nimemwambia mashallah.

Jumatatu, 2 Aprili

Joto, na moshi wa jirani. Rosalia, mke wa Erastus wa reli, yuko ukuta mmoja na mimi. Auzia madereva wa malori chai na maandazi. Mwezi mtukufu huu, na harufu ya maandazi yaingia dirishani kwangu tangu saa mbili asubuhi. Najua si dini yake. Lakini dirisha si la kwake vile vile.

Alhamisi, 5 Aprili

Nimekasirika na nimefunga, mambo mawili yasiyokaa pamoja.

Watu wameanza kunusa mvua na kila mtu ataka pipa la kuweka chini ya bati. Rosalia amekuja, mikono ina unga, amezunguka mapipa ya kijani akiyagonga kwa kidole.

"Mama Mastura, nataka moja. Lakini hujaonja."

"Nimefunga, Rosalia. Mwezi gani huu?"

"Najua umefunga, mama. Nipe kikombe mimi nionje. Mimi sifungi."

Si ningecheka tu? Lakini nilikuwa na kiu, na maandazi yake yalikuwa kooni mwangu tangu asubuhi. Nikamwambia, mdomo uliokunywa chai mchana kutwa ndio unipimie mapipa yangu? Miaka kumi na tisa neno langu lilikuwa halitoshi? Wanawake wawili waliokuwa pale wakacheka. Rosalia naye akacheka, lakini kidogo.

"Haya mama, usinile mimi, futari bado mbali."

Akalibingirisha pipa mwenyewe mpaka kwake. Nami kwa hasira ile nikawauzia wale wawili papo hapo, bila kikombe.

Jumatatu, 9 Aprili

Mawingu kutoka upande wa bahari. Nimeuza mengine manne. Yote saba yamekwenda. La nane Matano amelichukua, asema ana mteja wake.

Jumatano, 11 Aprili

Ngurumo bila mvua. Kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 14 Aprili

Mvua! Imeanza saa tisa na haijakoma naandika sasa. Bati zapiga kelele mtaa mzima, mifereji ya paa yamwaga, na kila mlango una pipa linajaa. Nimesimama barazani nikashukuru mpaka machozi. Nilijisikia kama mvua ile yote nimeiwekea mahali pa kukaa mimi.

Jumatatu, 16 Aprili

Mungu nisamehe.

Asubuhi nilisikia Erastus apiga ukuta kwa ngumi. "Mama Mastura! Njoo, njoo!" Nikaingia kwao bila hata mtandio wa maana. Rosalia yu chini sakafuni, atapika, mate yamtoka kama maji, mikono yaruka-ruka peke yake. Mboni za macho zimekuwa nukta. Watoto watatu wamejibanza ukutani. Nikamuuliza mkubwa wao, Jerioth, mama amekula nini.

"Hajala kitu. Amekunywa maji ya pipa. Alitukataza sisi. Alisema, ngojeni nionje mimi kwanza, kama Mama Kikombe. Akanywa vikombe viwili, akakaa."

Nilikwenda nikalifunika pipa.

Dereva mmoja, mteja wake wa chai, amempakia kwenye lori mpaka hospitali. Erastus alipotoka huko saa nane alichukua kisu akaanza kukwangua pipa. Rangi ya kijani ilikuwa yatoka kama maganda ya kidonda. Chini yake nyeupe. Chini ya nyeupe, kichwa cha mtu cha mifupa, na maandishi. Akanisomea polepole, kama mwalimu amsomeaye mtoto mjinga. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, ya kuua kupe. Sumu. Pipa hili lisitumiwe tena kwa kitu chochote.

"Kwangu," akasema, "mmeuza hili."

Na mvua yaendelea. Daftari, mapipa manane yale yajaa maji ya kunywa hivi niandikavyo.

Jumanne, 17 Aprili

Nimetembea tangu alfajiri, kanga imenata mwilini. Wateja wangu nawajua kwa majina ya watoto wao, hiyo tu ndiyo rehema. Mama Mwanasaumu wa Magongo: ametekea kufulia tu. Tumelifunga kifuniko kwa kamba. Yule mshonaji wa Chaani: halijawekwa chini ya bati bado. Mwanatabu, rafiki yangu wa Mikindani, amepikia wali jana, na mwanawe atapika. Nimempeleka mwenyewe hospitali mgongoni, mtoto wa miaka mitano. Daktari asema ataishi. Mwanatabu hakunipiga. Alinitazama tu, na mimi ningalitamani anipige.

Rosalia bado. Wanamchoma sindano.

Jumatano, 18 Aprili

Nimepata mengine matatu. Jumla saba pamoja na la Rosalia.

Leo niliinua mikono baada ya adhuhuri nikamuomba Mungu azuie mvua. Mimi! Shamba za watu zimekauka tangu Desemba, na mimi naomba isinyeshe. Ikanyesha hapo hapo, nikiwa bado juu ya mkeka.

Lililobaki ni la nane. Matano simpati, kila niendapo ametoka. Nilidhani ahangaika na Justus yule mwizi. Nimemlaani Justus njia nzima kwa sauti, wapita njia wakanipisha.

Alhamisi, 19 Aprili

Naandika Ijumaa alfajiri, lakini ni ya jana.

Baada ya alasiri nilikwenda tena kwa Matano, mvua imenyamaza kidogo. Nikabisha. Mlango wake mbele ya macho yangu. Chini ya kucha zangu mlikuwa na chembe ya rangi niliyoikwangua kwenye lile pipa la Rosalia, haijatoka tangu Jumatatu. Nikaweka kidole juu ya mbao. Rangi moja. Nikatazama tena, labda macho. Rangi moja.

Akafungua. "Shemeji, karibu. Habari za mgonjwa?"

"Rangi hii ulinunua wapi, Matano?"

"Dukani, shemeji. Rangi tu."

"Makopo mangapi? Mlango mmoja hula kopo ngapi?"

Akauvuta mlango nusu. Huyu mtu husali safu ya mbele. Huyu mtu ndiye aliyemtia Kombe kaburini kwa mikono yake. Nikamwambia sitoki hapo. Akakaa kizingitini, akaanza kusema akitazama miguu yake.

"Justus aliniambia yafukiwe. Walimpa amri ayatoboe na kuyafukia, naye akaona taabu kuchimba. Akaniambia chukua, lakini si ya maji. Mimi nikaona, pipa zima lifukiwe? Jipya vile? Wewe mwenyewe husema kila siku, kitu kizima hakitupwi."

"Picha uliiona?"

"Niliiona."

"Ukaipaka."

"Nilidhani utaosha, shemeji. Hakuna aoshaye kama wewe. Na nilijua utaonja, kama kuna kitu utakijua."

Hapo ndipo nilipotaka kumuua. Si kwa uongo wake. Kwa kuwa alilitegemea koo langu. Ameniletea sumu nimuonjee, na mimi sikuonja. Sikuyajaza siku tatu, sikungoja magharibi, na aliyejitolea kuonja nikamtukana.

"La nane liko wapi?"

Alikwangua mlango kwa ukucha.

"Matano, liko wapi?"

"Nimelitoa sadaka. Msikitini. Kwa jina la Kombe. Limejaa, Maalim amelifunika. Litafunguliwa leo magharibi, kuna kisomo chake na futari."

Jumatatu mpaka Alhamisi alijua! Siku nne amekwenda akisali pembeni ya pipa lile, akanyamaza kwa haya. Nilikimbia, mimi mwenye miaka arubaini na minane na magoti haya.

Nilipofika jua limeshakwenda, watu wamekaa ukumbini, tende mikononi. Pipa liko uani chini ya mfereji wa paa, kijani, limeandikwa kwa chokaa: Marehemu Kombe. Maalim Rama ameshika kata, anainua mkono afunue. Nikapita katikati ya wanaume, nikageuka, nikakaa juu ya kifuniko.

Wakapiga kelele zote pamoja. "Mama we! Wazimu?" "Hapo si mahali pa mwanamke!" Mzee mmoja akasema, "Muacheni, ana majonzi ya mumewe." Mwingine kwa nyuma: "Majonzi yenyewe yana kilo mia!" Wakacheka. Maalim Rama akaja karibu, taratibu.

"Mwanangu Kafedha, adhana imeshaadhiniwa. Watu wana kiu."

"Wafungue kwa tende, maalim. Ndani yake mna dawa ya kupe. Mimi ndiye niliyeuza mapipa haya. Niliuza bila kunywa. Jirani yangu yu hospitali, na mtoto wa Mwanatabu. Simuombi mtu yeyote anisamehe, naomba msiyanywe tu."

Maalim akageuka kuwatazama watu wa safu ya mbele, mmoja mmoja. Matano alikuwa ameingia, amesimama mlangoni na mvua inamnyea.

"Aliyelileta aseme," akasema Maalim.

Matano alitoka.

Jumamosi, 21 Aprili

Rosalia amefumbua macho, amesema na Erastus. Mimi sijaingia wodini. Nilisimama ngazini.

Hakuna aliyekuja uani kwangu siku mbili. Mapipa mazuri kumi na moja yamekaa pale, ya mafuta ya kula ya kweli, niliyoyaosha kabla ya mfungo. Mtu akipita apita upande wa pili.

Jumatatu, 23 Aprili

Leo nimeyarudisha kwao.

Usingizi haukunipata, nikifikiri yatupwe wapi. Nikiyafukia uani kwangu, maji ya mvua yataichukua sumu. Nikiyatoboa na kuyamwaga, kuku na watoto. Mwisho nikaona, lakini kwani ni yangu? Pipa la mafuta latoka kwao, laja kwetu, lapata kazi ya pili, wao wapungukiwa na takataka, sisi twapata maji. Hilo ndilo ninalolijua tangu ujana, na ni haki. Lakini hili si la njia hiyo. Hili lilitakiwa lirudi lilikotoka, na aliyeona taabu kuchimba shimo ametuchimbia sisi.

Erastus alikuja mwenyewe, ameomba ruhusa kazini. Hakunisalimu, akashika mkokoteni. Mwanatabu naye alikuja. Na wanawake wanne wengine wa kazi hii ya mapipa, niliokuwa nikigombana nao kwa wateja. Mikokoteni mitatu, mapipa manane, la msikiti likiwa na maji yake ndani. Tukaiegesha mbele ya geti la depo, palepale malori yaingiapo.

Askari wa geti akasema tuondoke. Tukakaa. Lori la kwanza likaja, la pili, la tano. Honi mpaka masikio yakaziba. Madereva wakatoa vichwa kututukana, mpaka mmoja akamjua Erastus.

"Si huyu mume wa Rosalia wa chai? Kuna nini?"

Akaelezwa. Akazima injini, akatupa funguo mfukoni. Na wa nyuma yake vile vile.

Meneja akatoka, shati jeupe, Justus nyuma yake. Akasema mapipa si yao, yao huandikwa. Erastus akamuonyesha lile lililokwanguliwa. Akasema basi yameibwa, na ataita polisi.

"Aite," nikasema. "Justus, yameibwa?"

Justus alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilimngoja akane. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nilimwambia yule ndugu si ya maji. Niliambiwa nifukie, sikupewa mtu wa kuchimba wala mahali. Mapipa mia tatu, peke yangu." Aliniambia mimi lakini alikuwa akimjibu bwana wake. Sijamsamehe. Lakini sitamlaani tena peke yake.

Meneja akaanza, ooh sumu kidogo hiyo, ikishaoshwa, maji mengi, haina neno. Basi! Nikafunua pipa la msikiti. Nikateka kwa kikombe changu, kile kile cha miaka kumi na tisa, nikamfikia.

"Onja, bwana."

Akarudi nyuma hatua.

"Kwetu pipa halitoki mkononi mwa mtu mpaka anywe. Mimi leo nimefunga. Wewe hufungi. Onja, nasi tutayarudisha majumbani sasa hivi."

Maji yalikuwa safi, waona mpaka chini ya kikombe. Madereva wameshuka, wamezunguka. Mmoja akasema, "Kunywa basi bosi, tuingie!" Hakuna aliyecheka. Meneja alikitazama kikombe kile kama nyoka. Hakunywa.

Geti likafunguliwa. Mapipa yakaingia. Mwanatabu akawaambia hatuondoki mpaka tusikie nyundo, na tukaisikia, manane moja baada ya jingine, na maji ya lile moja wakayatia ndani ya tangi lao. Wale wanawake wanne wakaapa pale getini: pipa lililopakwa rangi halinunuliwi na yeyote wetu, hata la bure, na mweka stoo asiyelifungua mbele yetu na kuingiza uso wake, abaki nalo. Meneja akasema sawa, sawa. Sijui maana ya sawa yake.

Nimerudi nikakitupa kikombe. Kisha nikakirudia jaani, nikakisugua kwa mchanga na majivu.

Ijumaa, 27 Aprili

Idi. Nimepika pilau na wala hakuna aliyebisha ila Mastura na mumewe. Matano alituma kitambaa cha kanzu kwa mkono wa mtoto wa jirani, niwape watoto wa Rosalia. Nimekirudisha. Mlango wake ameukwangua, umebaki mbao mbichi.

Jumanne, 8 Mei

Rosalia ameruhusiwa. Apitapo apapasa ukuta. Hajauza chai.

Alhamisi, 17 Mei

Mvua kila siku, na kule kwa Rosalia watoto wateka kwa sufuria.

Jumamosi, 19 Mei

Leo Rosalia amekuja mwenyewe. Mikono bado yamtetemeka, ameificha ndani ya leso. Akasimama mbele ya mapipa yangu kumi na moja.

"Nataka moja," akasema. "Kule nyumbani maji yapotea bure."

Nilichagua zuri kuliko yote, halina rangi, lina jina la mafuta bado limesomeka. Lina maji ndani tangu Jumatano. Nikateka, nikanywa kikombe kizima mbele yake, nikakingoja tumboni. Nikateka tena, nikanywa. Kisha nikateka cha tatu nikampa, kwa mikono miwili.

"Onja wewe, Rosalia. Neno langu peke yake halitoshi. Nilikukosea."

Alikipokea. Akakinusa muda mrefu. Akanitazama mimi muda mrefu zaidi, kama mtu asomaye maandishi yaliyo chini ya rangi. Nilidhani atakunywa. Akakirudisha juu ya kifuniko, pole pole kisimwagike, kimejaa vile vile.

"Limwage," akasema. "Lioshe tena, niko hapa nakutazama. Kisha siku tatu."

Akavuta kigoda akakaa. Nikalimwaga. Nikachukua mchanga na majivu nikaanza upya, magoti chini, yeye akinionyesha kwa kidole pale niliporuka. Tumemaliza magharibi.

Nimelijaza, nimelifunika. Kesho ni siku ya kwanza.